Barua ya Sifa ya Baba

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Yakobi kwa msiba, na jirani akawasha moto wa kuni za miti ya miwati ili waombolezaji wapate joto. Moshi uliponifikia nilisahau kilichonileta. Kama umekulia Njombe unaujua moshi ule, mzito na mkali kidogo puani, unaong'ang'ania kwenye blanketi hadi wiki ya pili. Ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu.

Enzi za Mwingereza baba alimenya magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, kwenye shamba la mzungu, miaka sita mfululizo. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa maji ya magome, na sabuni ya mama haikuwahi kuvishinda. Aliondoka ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, akarudi tumeshachemsha viazi. Siku alipoacha kazi, bwana yule alimpa barua ya Kiingereza, akamshika na mkono. Baba akaitia kwenye kopo la kakao na kuliweka kichanjani, kando ya kitabu cha nyimbo.

Tangu hapo hakuna mgeni aliyetoka kwetu bila kuiona. Mgeni akishaamkiwa "Kamwene", akishapewa togwa na bakuli la njegere, nilijua kinachofuata. Baba anajifuta mikono kwenye suruali, anashusha kopo, anaikunjua barua taratibu. "Bwana ameniandika vizuri," anasema. Wageni waliipokea kwa mikono miwili, wakaitazama sana, wakatikisa vichwa kwa heshima, wengine wameishika juu chini. Hakuna aliyejua Kiingereza pale kwetu. Mama ilishamchosha. "Haya, barua imeshaamkiwa, sasa kuleni," alikuwa akisema, nasi watoto tunajificha kucheka.

Kiingereza kiliingia nyumbani kupitia mimi. Mwalimu wetu wa shule ya misheni alikuwa na mtindo wake. Aliandika ubaoni neno moja la kumweleza mtu, kisha chini yake akapanga maneno mengine ya maana inayokaribiana, akatuambia huo ni ukoo mmoja, ila kila ndugu ana tabia yake. Tukitoka darasani ilitupasa kumtafuta mtu wa kweli, nyumbani au njiani, na kumtungia sentensi kwa kila neno. Wiki ya "hardworking", yaani mchapakazi, nilimpa baba ukoo mzima. Niliandika kwamba ni "hardworking", kwamba ni "industrious" kwa kuwa alimenya miti mingi kuliko wenzake, na kwamba ni "diligent" kwa kuwa hakuacha hata kipande cha gome kwenye mti. Mwalimu akaweka vema tatu kwa wino mwekundu.

Wiki iliyofuata ukaja ukoo wa wavivu. Kulikuwa na "lazy", kulikuwa na "idle", na mwisho likaja neno la Kiingereza cha wakubwa, "indolent". "Huyu," mwalimu alisema, "ni mvivu aliyevaa tai." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikalitungia sentensi ya paka wetu.

Jumamosi ile akaja mjomba, kaka yake mama, kutoka Lyamkena. Alileta habari kwamba Mhindi mmoja mwenye malori pale Makambako anatafuta mtu wa kupakia mbao. Kazi ile ndiyo ingenibakiza shuleni, maana nilishaambiwa kwamba mwaka unaofuata huenda nikakosa karo na kukaa nyumbani kumsaidia mama. Baba akashusha kopo, lakini safari hii akanikabidhi mimi barua.

"Msomee mjomba wako."

Ilikuwa na mistari mitatu tu. Katikati ya mstari wa pili nikakutana na "indolent". Ilisema mtu huyu ni mwaminifu lakini mvivu, na kwamba Jumapili alikataa kabisa kufika kazini. Jumapili baba alikuwa kanisani, benchi la pili, akiimba besi. Nikainua macho, nikaona wote wananingoja.

"Inasema baba ni mchapakazi," nikasema.

Mjomba akajipiga paja. "Basi shemeji, kazi ni yako! Ibebe hiyo barua."

Kesho yake ibada yote ilinipita, sikusikia neno. Nilijua Mhindi yule anasoma Kiingereza. Jumatatu asubuhi nilimsindikiza baba barabarani kungoja lori, naye kila mara aliupapasa mfuko wa koti kuona kama barua ipo. Lori lilipoanza kusikika mlimani ndipo nikapata ujasiri.

"Baba, barua ile si nzuri."

"Si nzuri vipi?"

"Imeandika wewe ni mvivu. Ni kwa sababu ya Jumapili."

Hakunigombeza. Aliitoa, akaikunjua. "Nionyeshe neno lenyewe." Nikaliwekea kidole. Akalitazama muda mrefu. "Hili hapa? Ndilo nililokuwa nawaonyesha watu?"

"Ndilo, baba."

Nikatoa daftari langu la shule, nikachana ule ukurasa wenye sentensi tatu na wino mwekundu, nikampa. Akautia mfukoni, akapanda lori bila kuniaga.

Mjomba alitusimulia yaliyotokea. Mhindi aliusoma ukurasa wangu, akauliza nani kaandika, akacheka hadi machozi, kisha akautia kwenye droo yake na kumwonyesha baba rundo la mbao. Kabla ya adhuhuri lori lilikuwa limejaa na kufungwa kamba. Baba akapata kazi, nami nikabaki shuleni.

Shamba lile la miwati halipo tena, wala malori yale, wala baba. Nilikuja kuwa mwalimu wa Kiingereza hadi nikastaafu, na najua nilifanya sawa kusema kweli. Lakini bado inaniuma. Baba alipokuja likizo, wageni waliendelea kuja, na wakishakunywa togwa mkono wake ulianza kupanda kuelekea kichanjani, kisha ukashuka, akawauliza habari za mvua. Hakuwa tena na kitu cha kuwaonyesha. Ukurasa wangu ulibaki Makambako kwenye droo ya mtu. Vijana wa watu nimewaandikia barua za sifa nisizoweza kuzihesabu, kila mmoja na neno linalomfaa. Baba aliishi miaka mingi baada ya asubuhi ile, na kalamu nilikuwa nayo. Sikumwandikia nyingine.