Matairi Haya

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na mmoja, na muda huo wote niliamini kwamba mtu asemaye vibaya hawezi kukuuzia kitu kizuri. Imani hiyo ilinigharimu matairi mawili, heshima yangu nyumbani na jiko la gesi la mke wangu. Jiko ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wakati mimi nikisahihisha insha, mke wangu alikuwa akiuza chai, mahamri na mbaazi nje ya lango la hospitali ya Msambweni, juu ya meza ya mbao. Wateja wake walikuwa watu waliokesha wakiuguza jamaa zao, wenye macho mekundu na njaa ya kweli. Nilipostaafu, meza ile ndiyo iliyotulisha. Sikupenda kulisema hilo. Nilikuwa nikiwaambia watu msikitini kwamba mke wangu ana "kibiashara chake kidogo", kwa sauti ya baba anayemruhusu mtoto kuchezea udongo.

Basi siku moja akapita bwana mmoja mwenye faili, akatangaza kwamba meza zote ziondoke. Nafasi za kando ya ukuta zingegawiwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na wangepewa wenye vibanda vya magurudumu peke yao. Kisichotembea hakipati nafasi. Sababu ilikuwa kwamba kitu chenye magurudumu si jengo, na kisichokuwa jengo hakiwezi kujengwa mahali pasiporuhusiwa kujenga. Nilizipenda sana hoja hizo, zilikuwa na mantiki. Mke wangu hakuwa na nafasi ya kupenda mantiki. Alikuwa amesimama kwenye lango lile kwa miaka tisa, na sasa alikuwa na siku tano za kupata magurudumu.

Aliyetuokoa ni shemeji, kaka yake mke wangu. Kwa miaka mingi alimtunzia bustani mzungu mmoja mzee huko Diani, na mzee yule aliporudi kwao moja kwa moja alimwachia karavani: kijumba cheupe cha bati chenye kitanda, sinki na dirisha linalofunguka kwa juu, cha kuvutwa nyuma ya gari. Sijapata kuelewa kwa nini mtu mwenye nyumba na kitanda akokote nyumba nyingine na kitanda kingine kwenda kulala mwituni, lakini kila watu na dini yao. Karavani ilikuwa imesimama chini ya mivinje miaka na miaka. Shemeji akampa dada yake. Wakang'oa kitanda, wakafunga jiko, mke wangu akaipaka rangi ya samawati kwa mikono yake mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa matairi. Yalikuwa na meno yake yote, ila ubavuni yamepasukapasuka kama visigino vya mkulima.

"Haya yamekufa yakiwa yamesimama," alisema shemeji.

Mke wangu akanikabidhi fedha alizokuwa amezificha kwenye mkebe wa maziwa. "Weye ndiye msomi," akaniambia. "Nenda Ukunda kachague."

Nikaenda, nimevaa koti.

Duka la kwanza lilikuwa la mwanamke kutoka bara, amevaa koti la buluu lililolowa mafuta mpaka viwikoni. Nilikuwa na mvi za kutosha kustahiki shikamoo. Nikapata, "Sema, mzee."

"Niseme nini?" nikamwuliza.

"Unataka nini?"

"Matairi mawili ya karavani."

"Ile ya kuvutwa? Ndani inabeba nini?"

Nikamtajia: jiko, mtungi wa gesi, pipa la maji, masufuria, unga.

"Hiyo ni mzigo, mzee. Usiweke tairi ya gari ndogo, itakuangusha. Unataka ngumu, za kubeba. Cheki matairi hizi."

Matairi hizi. Nilifumba macho kama mtu aliyeuma jiwe katika wali. "Haya," nikamsahihisha.

Akadhani nimekubali, akaanza kuyateremsha.

Nikamweleza kwamba nilikuwa namsahihisha. Akanitazama, akafuta mikono, akaendelea. "Sawa. Soma hapa ubavuni, hii namba nne za mwisho. Mbili ni wiki, mbili ni mwaka iliundwa. Usidanganywe na meno. Tairi ikikaa sana inakauka ndani, hata kama meno iko."

"Meno yako," nikasema.

Akaufunika mdomo kwa kiganja. "Meno yangu imefanya nini?"

Nilitoka pale nikiwa nimemwambia nitarudi, kama tunavyosema sote tusiporudi. Yule mama alikuwa ameniuliza maswali yote ambayo mwuzaji wa matairi anapaswa kuuliza, na kunieleza yote ambayo mnunuzi anapaswa kujua, na mimi nilikuwa nimeyahesabu makosa yake ya ngeli.

Duka la pili lilinikaribisha kabla sijafika mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu," alisema mwenyewe, bwana wa makamo, kofia ya kiua, kanzu iliyopigwa pasi. Hatukuwa tunajuana, ila ualimu haufichiki. Akaniketisha. Akaniagizia kahawa na kashata. Akaniuliza hali yangu, hali ya watu wa nyumbani, na kama mvua imewafikia ndugu zetu wa Kinango. Tulizungumza nusu saa bila kutaja tairi, na katika nusu saa hiyo hakukosea hata kiambishi kimoja. Ningenunua kwake chochote.

"Matairi haya, Mwalimu," akasema hatimaye, na nikahisi ubaridi mtamu mgongoni, "yametulia ghalani mwangu kwa adabu zake. Hayajaonja lami."

Yaling'aa. Yalikuwa na meno ya kijana. Niliinama kuangalia ubavu, kwa kuwa kitu fulani kilinikumbusha ubavu, na yeye akasema taratibu, kana kwamba anajisemea, "Mchagua jembe si mkulima."

Nikanyooka. Nimeiweka methali hiyo katika mitihani mara ngapi? Nikauliza kidogo tu, kwa kulinda heshima, kama hayakuwa yamekaa sana. Akatabasamu.

"Ukuukuu wa kamba, Mwalimu?"

"Si upya wa ukambaa," nikamalizia, kama mwanafunzi wa mbele darasani. Niliona ingekuwa utovu wa adabu kuipinga methali niliyoifundisha mwenyewe. Nikalipa. Alinisindikiza mpaka kwenye tuktuk, akaniombea safari njema.

Kule Diani mke wangu aliyatazama matairi kwa muda. Kisha akapitisha kidole ubavuni, akakisimamisha.

"Hizi nini?"

"Namba za kiwandani."

"Zasemaje?"

"Hazisemi kitu. Ni za kiwanda tu."

"Miye kila pakiti ya unga ina namba," alisema, "na zasema."

Niliziona. Zilikuwa 3411. Hapa ndipo ninapoona uzito kusimulia, maana mjinga husamehewa, nami sikuwa mjinga: nilikuwa nimeambiwa. Nilijua kwamba mbili za mwisho ni mwaka, na kwamba matairi yale, yangekuwa mtoto, yangeshamaliza shule ya msingi. Lakini nilijiambia: yule mama hajui ngeli, atajuaje wiki? Nikamtolea mke wangu methali ya kamba na ukambaa, nzima, pamoja na ufafanuzi wake.

Akayatazama matairi, akanitazama mimi. "Haya," akasema. "Weye ndiye uliyesoma."

Tuliondoka Diani Jumapili baada ya adhuhuri, shemeji kwenye usukani wa pikapu yake, mke wangu katikati, mimi dirishani, karavani nyuma. Pipa lilijaa maji na unga wa Jumatatu ulikuwa ndani. Shemeji aliendesha polepole mno, na mimi nikasema kwamba mwenda pole hajikwai.

Tulipoikaribia Gazi tukasikia mlio, kisha mkwaruzo mrefu. Shemeji alisimama kando ya barabara. Karavani ilikuwa imelalia upande wa kushoto, na masufuria yalikuwa bado yakibingirika ndani. Tairi la kushoto lilikuwa limejivua ngozi yote. La kulia lilikuwa zima, ila lilikuwa na ufa ambao ungeweza kuingiza kucha.

Mke wangu alichuchumaa mbele ya lile la kulia, akasoma kwa sauti. "Thelathini na nne, kumi na moja. Kumi na moja ni nini?"

"Ni mwaka."

"Ulijua?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa na methali tatu tayari kinywani. "Nilijua," nikasema.

Hakupiga kelele. Alinyanyuka, akakung'uta vumbi kwenye leso. "Nafasi yangu, Mwalimu," alisema.

Hakusema nafasi yetu. Alisema yangu, na ilikuwa yake kweli: miaka tisa ya kuamka kabla ya adhana, na mimi nikila katika sahani hiyohiyo nikiiita kibiashara. Nimewafundisha watoto wengi kwamba neno haya lina maana zaidi ya moja, na mojawapo sikupata kuijua barabara mpaka niliposimama pale Gazi kando ya lami. Niliona haya. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama shemeji yangu.

Shemeji aliifungua pikapu kutoka kwenye karavani. "Namfuata mama wa matairi wa Ukunda, yule wa koti la buluu," alisema. "Ndiye ninayenunua kwake siku zote."

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Hukuniuliza, shemeji. Ulivaa koti ukaenda."

Mke wangu akamhesabia fedha nyingine. Zilikuwa za jiko jipya, lile la mafiga manne, kwa kuwa la zamani lilikuwa na mafiga mawili na moja linakohoa. Alizihesabu mara moja tu, akampa.

Tukabaki wawili na kijumba chetu kilichoinama. Watu wa Gazi walipita wakitupa pole, kisha mama mmoja akaona dirisha la samawati na birika ndani, akauliza kama tumefungua. Mke wangu alifikiri kidogo. "Tumefungua," akasema. Akawasha jiko, na kwa kuwa sakafu ilikuwa imeinama akanipa kazi ya kuishikilia birika isiteleze. Niliishikilia karibu saa mbili kwa kitambaa. Ilikuwa kazi ya kwanza ninayokumbuka kuifanya katika biashara ile.

Yule mama wa Ukunda alifika na shemeji, amevaa gauni la kanisani na viatu vya kanisani, matairi mawili nyuma ya pikapu. Hakunikumbusha lolote. Alivua viatu, akaingiza jeki, akafunga matairi yote mawili, akajaza upepo. Alipomaliza akanionyesha ubavu. "Soma mwenyewe, mzee."

Nikasoma. Yalikuwa ya mwaka huo huo.

Lile duka la kanzu nililirudia baadaye, nikiwa na kipande cha tairi mkononi. Bwana yule aliniamkia kwa heshima zote, akaniagizia kahawa, akakigeuza kile kipande kwa huzuni. "Ajali, Mwalimu," alisema, "haina kinga." Na mimi, Mungu anisamehe, niliinywa ile kahawa yote na kumshukuru.

Jumatatu saa mbili tulikuwa ukutani. Bwana mwenye faili alipita kibanda kwa kibanda. Cha jirani kilikuwa na magurudumu ya baiskeli yaliyofungwa kwa waya kama mapambo. Kikasukumwa, kikaanguka, mwenyewe akaambiwa apishe. Alipofika kwetu akaweka kiganja kwenye karavani, akasukuma. Ikatembea. Bwana yule akainama, akapapasa tairi.

"Matairi hizi ni mpya," akaniambia. "Mmetoa wapi?"

Nilimtambua hapo. Alikuwa mwanafunzi wangu, safu ya nyuma, na mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni unatafuta kalamu nyekundu. Mke wangu akanitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama usoni tangu Gazi.

"Matairi hizi," nikasema, "tumezitoa Ukunda. Kwa mama mmoja fundi sana."

Akaandika katika faili: nafasi ya tatu kutoka langoni.

Mke wangu alingoja mpaka bwana yule alipoondoka. Kisha akafungua sanduku, akatoa pakiti ya unga, akaninyooshea.

"Nisomee tarehe, Mwalimu."

Anajua kusoma vizuri kabisa. Hata hivyo nikavaa miwani, nikamsomea siku, mwezi na mwaka, polepole, nisiruke kitu.

"Haya," akasema, akaipasua pakiti.