Maji Yaliyosogeza Kitanda cha Mama Sangwa

"Telesphory, toa zege lako. Ama toa maji yako ndani ya nyumba yangu. Chagua."

Mama Sangwa alikuwa getini kwa jirani yake wa juu, sketi imelowa tope hadi magotini.

Asubuhi hiyo aliamka kitanda kikiwa mlangoni. Nasema kitanda, siyo kandambili. Maji yalikisukuma, na yeye juu yake kalala.

Saluni yangu iko katikati ya nyumba zao, hapa Kagugu. Ugomvi ukizuka, mteja atasubiri. Nikatoka na kitana mkononi.

"Mama, mvua ni ya Mungu," Telesphory akajibu. Mtanzania wa Bukoba huyo, mpole hatari.

"Mungu hajamwaga zege. Umemwaga wewe."

Mtaa mzima ulikuwa upande wa Mama Sangwa. Zamani kilima hiki kilikuwa maharage na mtama. Sasa ni mabati, zege na mageti. Na chemchemi ya bondeni imekauka kabisa. Nyumbani kwake maji, chemchemini vumbi. Kuna walioanza kunong'ona uchawi.

Shida ni ukuta. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo, na ukuta wa nyuma ulipasuka, kiganja kinapita. Mvua moja tu, hana nyumba.

Na wingu lilikuwa linakuja.

"Ikinyesha tuyafuate maji," nikasema. "Yatatuambia yenyewe yanakotoka."

Ikanyesha. Tukaingia uani kwa Telesphory, na wateja wangu nyuma, mmoja kasukwa nusu kichwa.

Maji yaliteleza juu ya zege, yakaingia kwenye shimo lililojaa mawe, yakapotea. Getini halikutoka hata tone.

"Sasa ya kwangu yanatoka wapi?" Mama Sangwa akauliza, sauti imeshuka.

Tukapanda hadi juu, kwenye korongo linalopita nyuma ya nyumba zetu. Maji ya mabati yote ya kilimani yalikutana korongoni, mekundu, yakashuka mbio moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba yake. Hakuna cha kuyashika.

Korongo lilikuwa safi kama sahani.

Nikamwona Mama Sangwa anaganda. Kiongozi wetu wa usafi ni yeye. Umuganda uliopita, ile Jumamosi ya kazi za pamoja, alitusimamia tukang'oa matete yote ya korongoni, mpaka mizizi. Mbu, alisema. Nyoka. Kichaka kinatia mtaa aibu. Telesphory aliomba tubakize kidogo, tukamwita mvivu.

"Yewe, kumbe ni mimi," akasema.

"Matete yalikuwa yanayachelewesha maji, yanazama ardhini, chemchemi inapata chake," Telesphory akamwambia. "Lakini haya maji ni ya sisi wote tuliojenga huku juu. Leteni magunia."

Tukajaza udongo kwenye magunia, tukayapanga korongoni, tukayageuza maji yaende mbali na ukuta. Nywele za mteja wangu ziliharibika, hakulalamika.

Mvua ilipokata, ukuta ulikuwa umesimama. Tukakubaliana: matete yanarudi, na kila geti la juu linachimba shimo.

Watu wangu, ukikivua kilima nguo zake, maji hayana pa kupumzika. Yanapita mbio, chemchemi inabaki na kiu, na jirani wa chini anapokea tope. Kabla hujamgombeza mtu, panda mpaka juu uangalie.

Mama Sangwa akaanza kushuka, kichwa chini. Jikoni kwake mafiga yalikuwa bado yamezama kwenye tope.

"Mama, unakwenda wapi?" Telesphory akamwita, geti liko wazi. "Ndizi zimeiva. Ingia, tule."