Chumba Namba Tano Hadi Saa Kumi na Mbili

Wifi yangu Almut Dettmer anafunga nyumba yake ya wageni mwezi ujao, na watu wa mtaa wetu hapa Linden wameanza kumwandalia keki na hotuba. Watasema alikuwa mkarimu. Watasema familia nyingi zenye kipato kidogo zilipata pa kulala Hannover kwa sababu yake. Ni kweli tupu, na mimi nitapiga makofi pamoja nao. Lakini nimefanya naye kazi jikoni miaka kumi na tisa, na iko jioni moja ambayo hakuna atakayeitaja kwenye hotuba. Naisema mimi.

Nyumba yenyewe aliachiwa na mama mkwe wake: ghorofa tatu, vyumba sita, ngazi zinazolia kila ukizikanyaga. Vyumba vitano ni vya kawaida. Namba tano ndicho kilichompa jina. Mna kitanda kikubwa, kitanda cha ghorofa cha watoto na kitanda kidogo cha mtoto mchanga, na bei yake ni moja tu, hata mkija watano. Zamani yeye na marehemu Gerold, mumewe, walisafiri na watoto wao wawili kwenda Munich, na kila hoteli waliyoingia waliulizwa kama wangependa vyumba viwili. Mwishowe walilipa viwili na kulala wote katika kimoja kwa hasira. Almut hakulisahau swali lile. Alipofungua nyumba yake alisema hakuna mama atakayeulizwa hivyo mlangoni pake.

Basi simu zilikuwa haziishi. Akina mama wanapiga kutoka kila upande, wameshajaribu hoteli kumi, sauti zimeanza kunyong'onyea. "Tuko wanne, mdogo ana miezi minane, na hatuna fedha nyingi." Almut anawajibu, "Sikuuliza habari za fedha, mama. Mnakuja siku gani?" Kisha anaandika jina lao kitabuni kwa penseli.

Kwa penseli, kwa sababu kulikuwa na sharti. Chumba kinawekwa hadi saa kumi na mbili jioni. Ukifika kabla ya hapo, jina lako linaandikwa kwa wino. Usipofika na hujapiga simu, linafutwa na chumba anapewa mwingine. Mwaka wake wa kwanza alidanganywa mara nyingi, watu wanaweka chumba halafu hawaonekani, na sharti hilo ndilo lililomwokoa. Shida ni kwamba baadaye alilipenda kuliko faida yake. Siku moja alimnyima chumba mchungaji mgeni aliyekuja kuhubiri kanisani kwake mwenyewe, kwa kuchelewa dakika nane. Mchungaji akaenda kulala kwenye kochi la mpiga kinanda.

"Wifi, umemfukuza mtu wa Mungu," nilimwambia.

"Mtu wa Mungu ana saa mkononi, nimeiona. Tena ya dhahabu."

Nilicheka. Wakati ule nilikuwa bado nacheka.

Sasa akina Pohlmann. Walikuwa wakitoka kijijini huko milima ya Harz, mwendo wa saa mbili kwa gari. Hartwig, mume, alikuwa dereva wa lori la magogo, mtu wa maneno machache sana. Mkewe Anke aliuza katika duka la viatu nusu siku. Binti yao Merle alikuwa na miaka mitano walipokuja mara ya kwanza, na mafigo yake hayakufanya kazi vizuri. Kila mwezi alitakiwa na madaktari wa watoto hapa mjini, siku tatu mfululizo. Nyumba ya kulaza wazazi wa wagonjwa iliyo karibu na hospitali ilikuwa imejaa watu wenye shida kubwa kuliko yao, na hoteli ziliwauliza kama wangependa vyumba viwili. Ndipo mtu akawatajia namba tano.

Walikuja miaka miwili. Almut si mwanamke wa kukumbatia watu, lakini kwa mtoto yule alilainika. Merle alikatazwa vyakula vingi, ndizi, nyanya, hata viazi visipochemshwa mara mbili na maji ya kwanza kumwagwa. Almut alivichemsha hivyo kwa mkono wake na hakuniruhusu nivisogelee.

"Wewe una haraka," aliniambia. "Utaniulia mtoto."

"Mtoto wako tangu lini?"

"Nyamaza, Gesine, kata mkate."

Mwaka wa pili, Aprili, siku zao ziliangukia wiki ya maonyesho ya viwanda. Wiki hiyo mji wetu hushikwa na kichaa. Wenye mashine wa dunia nzima wanatua hapa, na kitanda chochote kinauzwa mara tatu ya bei yake. Walimu wa shule wanakodisha vyumba vyao vya kulala na kuhamia kwenye vibanda vya bustanini. Almut naye alipandisha bei, lakini Anke alipopiga simu akiwa na wasiwasi alimwambia, "Nyinyi bei yenu ni ileile. Njooni Jumanne." Nilimsikia, nikajivunia kuwa wifi yake.

Jumanne hiyo, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, kengele ililia. Walikuwa wanaume watatu waliovaa suti, wauza pampu kutoka Stuttgart, wamezunguka mji mzima na masanduku ya magurudumu. Mkubwa wao alikuwa na uso wa mtu anayekaribia kulia.

"Mama, tupe hata stoo."

"Chumba ninacho kimoja, lakini kina mwenyewe," Almut alisema. "Hadi saa kumi na mbili."

Mwanamume yule akaitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama Almut, kisha akataja bei. Ilikuwa kubwa. Sitaki kumsingizia wifi yangu kwamba alifanya kwa tamaa ya fedha. Nilimwona usoni, na nilichokiona ni kitu kingine. Alikuwa na sharti lake, alikuwa na mashahidi watatu wenye suti, na alitaka sharti lionekane likifanya kazi. Akawaketisha mezani, akawapa kahawa. Wangojee dakika kumi, kwa haki.

Nilimfuata jikoni. "Wifi, wapigie simu akina Pohlmann."

"Kupiga simu ni kazi ya anayechelewa."

"Huenda wamekwama barabarani."

"Barabarani simu hazifanyi kazi?"

"Ni Merle, Almut."

Alisimama kidogo, kitambaa cha vyombo mkononi. Nadhani pale alikaribia kukubali. Kisha akasema, "Nikianza kuchagua wa kumsubiri na wa kutomsubiri, yule mchungaji nilimfukuzia nini?" Akarudi mezani.

Saa ilipogonga alifungua kitabu, akafuta jina kwa ufutio, akapuliza mabaki. Wale watatu wakapanda ngazi na ufunguo. Mmoja wao alikuwa mrefu, na kitanda cha ghorofa kile nilikijua urefu wake. Nilicheka kidogo hata wakati ule, na sasa kicheko hicho kinaniuma.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano wakaingia. Anke alikuwa amembeba Merle begani, amefunikwa blanketi, amelala fofofo. Hartwig alikuwa na mabegi. Hawakubonyeza kengele, walisukuma tu mlango kama walivyozoea, na Anke akanong'ona ili asimwamshe mtoto.

"Bi Dettmer, tumefika."

"Naona," Almut alisema. "Lakini saa kumi na mbili imepita, Bi Pohlmann. Chumba nimekitoa."

Anke alitabasamu. Alidhani ni utani. Tabasamu lile lilikaa usoni pake muda mrefu kuliko nilivyoweza kulitazama.

"Ni sisi," alisema.

"Najua ni nyinyi. Sharti mnalijua pia. Mngepiga simu."

"Lakini tulikuwa—"

"Sababu kila mtu anazo," Almut akamkatiza. "Nikizisikiliza zote sitafanya kazi."

Hartwig aliitazama saa ya ukutani. Hakubishana. Aliyainua tena mabegi aliyokuwa ameyaweka chini na akauliza kwa adabu kama tunajua mahali pengine. Wiki ya maonyesho! Almut alipiga simu mahali panne, akajibiwa hapana mara nne, akawaambia wajaribu Hildesheim. Wakashukuru. Wakatoka. Merle hakufumbua macho hata mara moja.

Huko nyuma ya nyumba, mlango wa pili, Almut ana sebule yake na kochi pana la kulala watu wawili, na kitanda chake mwenyewe cha watu wawili ambacho analala peke yake tangu Gerold afe. Alipokumbuka, gari lilikuwa limeshaondoka. Alikimbia hadi barabarani na ndara za ndani. Mimi pia sikukumbuka, na nyumba yangu iko mtaa wa tatu kutoka pale, ina chumba cha mwanangu aliyeoa na kuhama. Hilo nalisema ili msidhani najiweka kando.

Mwezi uliofuata hawakuja. Wala uliofuata huo. Almut akaanza jambo ambalo lilinikera kwanza, halafu likanitia huruma. Kila mwezi, Jumanne ya pili, alitandika namba tano, akaandika Pohlmann kwa penseli, na hakumpa mtu. Akina mama walipiga simu na watoto wao wakisikika nyuma, naye akawaambia pamejaa. Saa kumi na mbili ikigonga, alijifanya hakusikia. Alingoja hadi saa moja, hadi saa mbili, ndipo akafuta jina.

"Waandikie barua, wifi," nilimwambia. "Waombe radhi, basi."

"Niandike nini? Kwamba saa yangu ilikuwa sahihi?"

"Andika kwamba umekosea."

"Na kama mtoto amekufa?" akaniuliza. "Nitakuwa nimemwandikia mama wa marehemu habari za chumba."

Hapo nikaelewa kilichomzuia miaka yote. Alikuwa na namba yao ya simu kwenye kitabu. Angeweza kujua kwa dakika moja. Alichagua kutojua, maana asipojua, mtoto bado alikuwa na miaka saba na alikuwa hai. Mwaka ukapita, ikawa miwili, ikawa tisa. Sharti la saa kumi na mbili aliliondoa kimyakimya. Wageni wapya hawajui kama liliwahi kuwapo. Wanasema Bi Dettmer hana neno, hata ukifika umechelewa anakungojea na supu.

Mwezi uliopita, magoti yalipomshinda ngazi na akaamua kufunga, alinishika mkono jikoni. Ilikuwa asubuhi, wageni wameshakula na kuondoka.

"Gesine, kaa hapa. Nataka kupiga simu."

Sikuuliza wapi. Aliweka sauti ya simu juu ili nisikie, sijui kwa nini, labda aliogopa kulisikia jibu peke yake. Anke alipokea. Sauti ileile.

Merle yu hai. Alipewa figo la baba yake akiwa na miaka tisa, sasa ana kumi na sita na anajifunza useremala, na anakula ndizi kwa fujo. Almut alifunika kinywa chake kwa mkono, akalia bila sauti, nami nililia kwa sauti. Kama simu ingeishia hapo, tungekunywa kahawa na kuanza kujisamehe.

"Bi Pohlmann," Almut alisema, "nataka kuomba radhi kwa siku ile. Nilikuwa na moyo mgumu. Mlichelewa kidogo tu, na mimi..."

Kisha Anke akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayemrekebisha mwenzake tarehe, "Hatukuchelewa, Bi Dettmer. Tulifika kwako saa kumi na moja na nusu. Tuliegesha upande wa pili, mbele ya duka la dawa. Merle alikuwa hajalala siku mbili usiku kwa maumivu, na njiani ndipo usingizi ukamchukua. Hartwig alitaka kuja kugonga, nikamwambia asifungue mlango wa gari, atamwamsha. Nikasema, tumwache alale kidogo. Bi Dettmer anatujua."

"Ilikuwa usiku mmoja tu," Anke aliendelea. "Tulilala garini, kwenye maegesho ya hospitali. Baadaye tukapata mahali kwa watawa. Usijali, yamepita."

Almut akamwambia namba tano iko wazi hadi mwisho wa mwezi, bure, waje wote watatu, walale siku watakazo. Anke alishukuru vizuri. Alisema siku hizi hawana tena safari za Hannover.

Simu ilipokatika, wifi yangu alikwenda dirishani akashika pazia. Duka la dawa liko palepale. Hatua ishirini, labda ishirini na mbili.

"Nilikuwa nawanywesha kahawa wale wanaume," alisema, "nangojea saa igonge. Ningechungulia tu, Gesine."

Nilitaka kumwambia neno la kumpoza, nimefanya naye kazi miaka mingi, ninayo mengi. Lakini kahawa aliimimina mara moja tu. Vikombe vya pili, saa kumi na mbili kasoro dakika tatu, niliwamiminia mimi, na nilikuwa nimesimama karibu na dirisha kuliko yeye.