Kaunta Niliyoikata kwa Msumeno

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla askari hajafungua geti, futi ya kupimia mfukoni. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya miaka ya themanini. Kampala ilikuwa inapakwa rangi upya, na ofisi ya mji upande wa Makindye ilitaka mtu wa kuchora vibao na kutengeneza sehemu za kuhudumia watu. Cheti sikuwa nacho. Baba alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya reli, akaniachia Kiswahili na sanduku la vifaa vya useremala. Mengine nilijifundisha kwa vitabu vya mitumba, nikivirudia mpaka kurasa zikabanduka.

Ninyi vijana mnaosoma Chuo Kikuu cha Kyambogo mnaiita kazi hii ubunifu wa huduma, na mnafundishwa kuanza na yule anayehudumiwa. Sisi hatukuwa na jina lake. Tuliambiwa tu watu wanasukumana, fanya kitu.

Mahali pa kwanza waliposukumana palikuwa kliniki ya wajawazito. Sista Msimamizi, mkuu wa wakunga, alikaa barazani kwenye benchi fupi, akina mama wamemzunguka. Afisa Afya, bosi wangu, hakuipenda picha hiyo.

"Hapa ni kliniki au soko la ndizi za matooke?" aliniuliza. "Nataka kaunta. Kioo, namba, foleni. Kama ofisi za wakubwa kule Nakasero."

Nilichora usiku na mchana. Niliijenga kaunta ya mbao ya mvule, ikamfikia mtu kifuani, na juu yake kioo chenye tundu la kusemea. Niliipiga msasa mpaka Sista akachoka kunitazama.

"Ssebo, bwana wangu, wewe unaitengeneza au unaioa?"

Nilicheka, lakini nikarudia kona moja. Ndivyo nilivyokuwa. Doa moja la rangi lilininyima usingizi.

Siku ya kufungua nilisimama ndani, nyuma ya kioo, kuangalia kama vanishi imekauka. Mhudumu aliita namba ya kwanza. Hakuonekana mtu. Akaita ya pili, akaja mama mmoja Mnubi, akasema shida yake, akahudumiwa. Ya tatu, hakuonekana mtu tena. Nilidhani watu wamechelewa. Siku zilizofuata foleni ilizidi kupungua, na mwisho wa wiki benchi zilikuwa tupu. Askari wa getini, mzee aliyekuwa jeshini zamani, alikuja kuiangalia kaunta, akaipigapiga kwa kiganja.

"Hii kitu yako nzuri sana, kijana. Lakini watu yake iko wapi?"

Afisa Afya alikuja kwa gari, akazihesabu benchi kwa macho. "Mama wasiporudi kufikia mwisho wa mwezi, wakunga nawahamishia hospitali ya mjini. Na wewe utabeba sanduku lako."

Sanduku ningelibeba. Kilichonitia baridi ni kuwawazia wale mama, wenye mimba ya miezi minane, wakigombea taksi kwenda mjini. Wengi wasingekwenda. Wangejifungulia nyumbani, na kaunta yangu ingekuwa ndiyo sababu.

Nilimwuliza Sista kosa liko wapi. Nilitegemea aseme rangi. Alinishika mkono, akanitoa nje, upande wa foleni.

"Salimia," alisema. "Salimia kama mke wa jirani yako anavyosalimia mtu mkubwa."

Nikapiga magoti. Uso wangu ukakutana na ubao. Kioo kilikuwa juu huko, na mhudumu hakuonekana, wala yeye hakuniona. Kwa sauti ndogo nikasema kwa Kiganda, "Wasuze otya, nnyabo?" yaani umeamkaje, mama. Hakuna aliyeitika.

Mwanamke wa Buganda hupiga magoti kumsalimia anayemheshimu. Hata mjamzito hujishusha taratibu. Nilizaliwa katikati ya salamu hiyo. Nimeiona madukani, kwa majirani, kila asubuhi ya maisha yangu, na haikuingia katika mchoro hata mmoja. Mama walipiga magoti, wakausalimia ubao, namba yao ikapita, wakaondoka wakijua wamedharauliwa. Yule Mnubi peke yake, ambaye kwao husalimia akiwa amesimama, ndiye aliyeonekana.

"Na mimi," Sista aliongeza, "kwenye salamu ndipo ninapoitazama miguu. Ikivimba, najua huyu hawezi kusubiri. Kioo chako kinanionyesha vilemba tu."

Niliomba ruhusa ya kuichora upya. Alikataa. "Mwezi unakwisha, wewe unataka kuchora? Leta msumeno."

Kwanza nilipanga makatoni ya sabuni, na Sista akakaa upande mmoja, mimi nikapiga magoti upande wa pili, tukapunguza katoni mpaka macho yetu yakakutana. Siku hizi hilo mnaliita kielelezo cha majaribio. Kisha nikaondoa kioo, nikaikata kaunta. Msumeno uliteleza, mbao ikaenda upogo, na nilipotaka kuinyoosha Sista aliuficha msumeno.

Askari wa getini alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia akina mama kwamba Sista amerudi chini. Wa kwanza alikuja mama mmoja mzito, akapiga magoti, akasalimia, akaitikiwa. Sista aliinama kumtazama miguu, akamwingiza ndani hapohapo. Kesho yake mama wengine walileta mkeka wao, wakautandika mbele ya kaunta. Mimi nisingeuwaza. Afisa Afya alipokuja mwisho wa mwezi, alikosa pa kukanyaga.

"Bado ni soko la matooke," alisema. Wakunga hakuwahamisha.

Baada ya hapo nilipelekwa Nakasero kwenye ofisi ya leseni, kisha masokoni, chini ya wakuu wengi. Kila mahali nilianza upande wa foleni. Wakuu walidhani nimechanganyikiwa.

Wiki niliyostaafu nilirudi Makindye, msasa mfukoni. Ule upogo ulikuwa umenisumbua miaka yote hiyo. Kaunta ilikuwepo, mkeka mwingine mbele yake. Nikapitisha kidole kwenye ukingo niliouharibu, nikakuta umelainika kama sabuni. Hapo ndipo akina mama walipokuwa wakishika ili kuinuka.

Mmoja aliyekuwa amepiga magoti alinitazama kutoka chini.

"Mzee, sisi tuko hapa tangu asubuhi. Foleni inaanzia kule nyuma."

Niliurudisha msasa mfukoni, nikaenda kule nyuma.