Siku Nilipompindua Omong'ina Moraa

Nakumbuka asubuhi moja ya likizo ya mwezi wa nne, njia yote ni tope, niliposimama mbele ya wanawake kumi na wanne wenye majembe nikawaambia kwamba wakati wa kutawaliwa umekwisha. Mwanangu, usinicheke. Nilikuwa kidato cha tatu, nina miaka kumi na minane, na nilijiona najua mambo kuliko chifu.

Utayasoma haya ukishajua kusoma. Sasa hivi umelala, umeshiba, chai imeshachumwa na kupelekwa, na nyumba yetu hapa Nyamache imetulia. Nina furaha ya kutosha. Lakini hasira pia ninayo, na sitaificha. Juzi mjomba wako Nyakundi alikula kuku wangu hapa, akapangusa midomo, kisha akaniuliza mbele ya baba yako, "Dada, siku hizi uko upande gani? Wa mabeberu au wa wananchi?" Nilimwambia anawe mikono aende zake. Wewe sitakufukuza. Wewe nitakueleza.

Shuleni kwetu, upande wa Sironga, tulikuwa na mwalimu wa historia, Mmarekani mrefu ambaye wasichana wote tulimwita Mwalimu Daudi. Alituambia kwamba ujanani kwao alikuwa msoshalisti kabisa, akigawa makaratasi barabarani. Kisha akasoma habari za magereza ya wakomunisti, akageuka. Rafiki zake wa zamani wakamwita msaliti. Wahafidhina wa kwao nao, wale wanaotaka kila mtu akae kwake na mali yake, wakamwona mpenda vita. Alicheka akasema watu wa namna yake wameanza kupewa jina: wahafidhina mamboleo.

Alitufundisha mambo mawili, na nakuomba uyashike yote mawili, maana mimi sikuyashika. La kwanza, alisema serikali ikijifanya inajua kupanga maisha ya watu kuliko wao wenyewe, itavunja kitu ambacho haiwezi kukijenga tena. Desturi ya kijiji ina akili ndani yake hata kama hakuna aliyewahi kuiandika. La pili, alisema udhalimu hausubiriwi ufe wenyewe. Mwenye nguvu na uhuru akimwona jirani anatawaliwa na dikteta, ana wajibu wa kuingia.

La kwanza lilinipita. La pili lilinikaa mwilini kama homa.

Nikalibeba mpaka nyumbani, karibu na Keumbu. Nyakundi, wakati huo yuko chuo cha ualimu, akanirukia. "Huyo mzungu wako ameubadilisha ubeberu shati tu. Nani amewaita Wamarekani kupigana huko Vietnam?" Babu yako, mzee wa kanisa, Msabato wa kukaza, hakutaka upande wowote. "Mambo ya Vietnam ni ya watu wa Vietnam," akasema. "Mtu afunge lango lake aombe." Mimi nikawaona wote wawili waoga. Mmoja anangoja mapinduzi ya dunia nzima, mwingine anangoja Bwana arudi. Mimi je? Mimi nilikuwa nangoja dikteta wa kupindua. Nikampata karibu sana.

Wanawake wa kwetu walikuwa na egesangio, kundi la kulima kwa zamu: leo tunapalilia kwako, kesho kwangu, mpaka shamba la mwisho. Aliyepanga zamu alikuwa Omong'ina Moraa. Omong'ina ni mwanamke mzee, lakini kwa Moraa ilikuwa kama cheo. Alikuwa mfupi, mkali, anavuta ugoro pembeni Wasabato wakijifanya hawaoni. Hakuchaguliwa na mtu. Kila msimu alisimama, akataja nani wa kwanza, nani wa pili, basi. Ukimwuliza kwa nini, anakujibu, "Kwa sababu nimesema. Shika jembe."

Mwaka ule alimtaja mwenzao Kwamboka kuwa wa kwanza. Mama yangu akawa wa tisa. Mama alinung'unika jikoni mara moja tu, akigeuza ugali, kwamba wimbi lake, ule ulezi wetu wa uji, litazidiwa na magugu. Mara moja, mwanangu! Mimi nikasikia taifa zima likilia.

Nikaenda kwa naibu wa chifu. Nikamweleza habari za uhuru na haki ya kupiga kura, kwa Kiingereza kidogo, ili aone nimesoma. Akafurahi. Akaja nami asubuhi ile, na kofia yake na fimbo yake, akawaamuru wanawake wapange mstari. Hapo ndipo nilipotoa hotuba yangu. Nguvu ya kunileta pale ilikuwa ya fimbo, na midomo yangu inasema uhuru. Sikuona kasoro.

"Kila mwenye shamba," nikasema, "aeleze kwa nini anastahili zamu ya mapema. Kisha tupige kura. Hakuna tena kusema 'kwa sababu nimesema.'"

Moraa aliniangalia tangu miguuni hadi kichwani. "Huyu ni nani anayenifundisha palizi na kucha ziko safi hivyo?" Watu wakacheka. Hata mimi nilikaribia kucheka. Lakini naibu wa chifu akagonga fimbo chini, kicheko kikaisha.

Wakaeleza. Mke wa mzee mmoja mwenye chai nyingi akasema shamba lake la wimbi ni kubwa kuliko yote, likiharibika ni hasara kubwa. Wakwe zake walikuwa sita kwenye kundi, wakaitikia. Mama akasema yake. Wote wakasema. Ikafika zamu ya Kwamboka.

Kwamboka alikuwa mjane wa miaka kama thelathini, mwembamba, na kitenge chake kilikuwa safi daima. Shamba lake lilikuwa kipande kimoja juu ya mawe. Alisimama, akaangalia jembe lake, akasema, "Mimi sina neno. Niwekeni mwisho." Na tulipopiga kura ya kumweka wa kumi na nne, yeye mwenyewe aliinua mkono.

Nikahesabu mikono. Nikasema, "Mnaona? Hata yeye ameridhika." Mwanangu, sentensi hiyo bado inaniwasha. Nikiikumbuka nikifua nguo, nguo inapata taabu.

Mvua ikaja mfululizo. Kama hujawahi kupalilia wimbi, hujui. Halipandwi kwa mistari kama mahindi, linatawanywa, na lina ndugu yake wa porini anayefanana nalo hasa likiwa changa. Unatambaa, unashika shina moja moja kwa mkono. Ukichelewa wiki mbili, magugu yameshalipita kimo, na ukiyang'oa yanaondoka na mizizi ya wimbi. Kundi liliingia kwenye lile shamba kubwa likakaa siku nne. Hata la pili halijaisha, nikapita njia ya juu nikaona kipande cha Kwamboka. Kijani kitupu. Yeye alikuwa ndani peke yake, anatambaa, na watoto wake wawili wadogo wamekaa juu ya jiwe wanatafuna muwa.

Nikashtuka. Nikaenda kwa Omong'ina Moraa. Nilidhani nakwenda kumpa ripoti. Kumbe nilikuwa nakwenda kulia. Nikamkuta anapepeta mtama mlangoni.

"Kwamboka hana mtu wa kumsaidia," nikasema.

"Umejua leo?"

"Mbona hakusema siku ile?"

Moraa akaweka ungo chini. "Angesema nini? Asimame mbele ya fimbo ya serikali aseme, 'Ndugu za mume wangu wamenikataa, ghala langu limekauka, wimbi hili ndilo chakula cha watoto wangu, nihurumieni'? Mbele ya wale wake wa matajiri? Ungeweza kusema wewe?"

Nikaangalia kucha zangu safi.

"Kila mwaka naanza na yule ambaye nyumba yake imepungukiwa. Mwaka juzi nilianza na mama yako, baba yako alipolazwa. Ulisikia mtu akiuliza kwa nini? Kwa sababu nimesema, basi. Ukali wangu ndio unaowafunika. Wananichukia mimi kidogo, lakini hakuna anayeaibika. Sasa wewe umekuja na mwanga wako ukamvua mtu nguo."

Nikamwambia arudi kwenye uongozi, nitamwendea naibu wa chifu tena. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Koma. Utaniangusha mara moja na kuniinua mara moja, kama kuku? Mimi si kiongozi tena. Lakini mikono ninayo. Wewe unayo?"

Siku tisa zilikuwa zimebaki za likizo. Tuliingia kwa Kwamboka, mimi na Moraa, siku ya tatu mama akaja bila kuitwa, siku ya sita wakaja wengine wanne baada ya kumaliza zamu za siku. Nilitambaa mpaka magoti yakachubuka. Moraa alinichapa mkono kila nilipong'oa wimbi nikidhani ni gugu. Kwamboka hakunilaumu hata neno moja. Aliniletea uji, na uji ule ulikuwa mwepesi sana, na niliunywa wote. Tuliokoa kama nusu ya shamba. Nusu nyingine ilikwenda. Nusu hiyo niliipoteza mimi, si mvua, na msimu ule watoto wake walilala mapema mara nyingi.

Niliporudi shuleni nilimweleza Mwalimu Daudi. Alitikisa kichwa. "Nilikufundisha mambo mawili, ukachukua moja." Nikamjibu, kwa adabu kidogo tu, "Na nchi yako, mwalimu, huko Vietnam, imechukua lipi?" Akawa mwekundu kama nyanya. Lakini hakuniadhibu, na hilo namheshimia hadi leo.

Usidhani hadithi iliisha kwa Moraa kurudi kwenye kiti. Wanawake walikuwa wameionja kura na hawakutaka kuiacha, na mimi sikujuta kwa hilo. Yule mke wa mwenye chai alijifunza kuomba badala ya kudai. Msimu uliofuata walikubaliana wenyewe, bila fimbo na bila mimi: zamu ya kwanza anaitaja Moraa, haiulizwi, na zilizobaki zinapigiwa kura. Nyakundi anasema huo si ujamaa. Babu yako anasema si desturi. Daudi angesema si demokrasia kamili. Wimbi linavunwa lote, na mimi nimeridhika.

Basi, mwanangu, shauri langu ni hili. Utakutana na watu wenye majina makubwa ya siasa, wa kushoto, wa kulia, wa mamboleo, na kila mmoja atakuwa na jambo moja la kweli mkononi. Lisikilize, usilikatae kwa sababu ya aliyelisema. Udhalimu upo, na siku nyingine utalazimika kuingia kwa jirani. Lakini kabla hujaingia, muulize yule unayetaka kumkomboa, umuulize mkiwa wawili tu, kwa sauti ya chini, si mbele ya mstari. Jua utaratibu unaoubomoa ulikuwa unamfunika nani. Na ukikosea, usitume mtu kurekebisha. Nenda mwenyewe, upige magoti kwenye tope lake.

Mungu akupe akili ya kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Akupe hasira, maana utaihitaji, na akupe mzee mkali wa kukuambia koma. Ghala lako lisikauke, na likikauka, apatikane mtu wa kukuweka wa kwanza bila kukuuliza kwa nini.