Vigingi Vyekundu vya Mama Rangi

Siku Kimya alipomtia machoni Mama Rangi kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa anaanguka. Mwenye nyumba alikuwa ameipiga teke ngazi yake. Alitua kwa bega, akainuka bila kujipangusa, akamrushia mwenye nyumba kopo la rangi likampata kwenye paji la uso.

"Nyumba naiuza, wewe unanichorea mafuriko ukutani," mwenye nyumba alifoka, damu ikimchuruzika.

"Sijachora mafuriko. Nimechora matete. Yalikuwa hapa hapa kabla hamjayang'oa, na ziwa lilikaa nyuma yake kwa adabu."

Kimya na wachimba mchanga wenzake walisimama na makoleo begani wakicheka. Kaka wa mkewe, mtu ambaye hata msibani hakukosa utani, alimnong'oneza, "Shemeji, nisingekupa dada yangu, ningekuozesha huyu. Yeye angesema, wewe ungenyamaza, nyumba ingesimama."

Mama Rangi alikuwa amekula chumvi nyingi. Maisha yake yote alichora mabango ya maduka: mikasi kwa kinyozi, kiatu kwa fundi viatu. Ziwa lilipoanza kuumeza ufuko, akaanza kuchora kwenye kuta zilizobaki vitu vilivyopotea hapo: matete, kobe, ndege wa miguu mirefu, kila kimoja kwa ukubwa wake na mahali pake. Kuta nazo zilipobomoka, akageukia vigingi. Kila mwezi alipigilia vichache pale maji yalipofika, akavipaka rangi nyekundu, na kichwani mwa kila kimoja akachora mdudu au jani la mahali hapo.

Balaa lilianzia kwenye rangi hiyo. Kwa wachimba mchanga kigingi chekundu kina maana moja tu: chimba mpaka hapa. Aliyevipigilia kwa kawaida ni nyapara wao, na aliyetumwa kuvitazama kila asubuhi ni Kimya, kwa kuwa alifika mapema na hakupenda soga.

Asubuhi moja alikuta vigingi vitatu vipya, juu kabisa, pale maji yalipofika usiku, chini ya ukuta wa udongo wa ukingo. Aliinama. Kimoja kilikuwa na konokono mdogo aliyechorwa vizuri mno. Nyapara hakuwa mtu wa konokono. Moyo ulimwambia aulize, na Mama Rangi alikuwa hatua arobaini tu kutoka hapo, anaosha brashi. Lakini kwa Kimya, kumsemesha mwanamke asiyemzoea kulikuwa kuzito kuliko kupakia lori zima. Akarudi kwa wenzake.

"Vimesogezwa," akasema.

Nyapara alisikia. Alivitazama vile vigingi, akawasha sigara, akaenda zake. Mchanga wa kule juu ulikuwa safi.

Siku ya tatu ya kuchimba hapo ule ukuta wa udongo uliporomoka. Haukutoa kishindo kikubwa, ilikuwa kama mtu amemwaga gunia. Shemeji yake Kimya, yule wa utani, ndiye aliyekuwa chini yake. Walimfukua kwa makoleo, kisha kwa mikono wakiogopa kumkata, na hata hivyo koleo moja lilikuwa limeshamchana sikio. Walipomtoa, kinywa kilikuwa wazi na kimejaa mchanga, kama mtu aliyekatizwa katikati ya mzaha.

Nyapara akapanda juu ya lori. "Vigingi vile si vyangu. Ni vya yule mchoraji. Yeye ndiye kamuua mwenzenu."

Waliondoka watu ishirini, na mipini ya makoleo mikononi. Walimkuta mlangoni kwake anakoroga rangi.

"Jamani, kuna nini?" aliuliza. Meza ilipinduliwa, kisha mipini ikaanza kushuka. Kimya naye alipiga. Alipiga mara moja, kwenye mkono wa kulia ambao mama alikuwa ameuinua kukinga kichwa, na mfupa ulipovunjika aliuhisi ndani ya viganja vyake.

Mama akawa chini. Mmoja akammwagia mafuta ya kuchanganyia rangi, akapapasa mfukoni kutafuta kiberiti.

"Ni mimi niliyesema vimesogezwa," Kimya akasema. Hakuna aliyemsikia. Akapita katikati yao, akasimama juu ya mama, miguu huku na huku. "Ni mimi. Na nyapara aliviona. Muulizeni kama hakuviona."

"Toka hapo, bubu wewe." Mpini ukampata mdomoni, meno mawili yakaenda. Akayatema, akarudia maneno yale yale. Akapigwa tena, akarudia tena, mpaka mwenye kiberiti akageuka kumtafuta nyapara. Nyapara alikuwa ameshaingia kwenye lori. Walilikimbiza kwa mawe, wakavunja kioo, likawaponyoka. Hakuna aliyerudi kumwinua mama. Kimya alimbeba peke yake mpaka hospitali.

Mfupa uliunga, vidole vikagoma kukunjika. Kimya alikwenda mara tatu akaishia mlangoni mwa wodi. Mara ya nne alikuta binti wa mama anafunga mizigo. Alikuwa anamhamishia kwake, mbali na maji. Kimya akaingia.

"Mama," akasema, "mkono ule niliuvunja mimi."

"Najua. Nilikuona."

Binti alimwambia atoke kabla hajamwitia walinzi. Mama akamtuliza kwa mkono wa kushoto, akamgeukia Kimya.

"Na asubuhi ile ulipoinama kwenye kigingi nilikuona pia. Niliacha kuosha brashi, nikakungoja, nikajua unakuja. Ungeuliza tu, baba."