Magobore Sita, Mafundo Matano

Leseni yake ya kutengeneza magobore ilitolewa tarehe 4 Agosti 2003, na tangu siku hiyo hakuna mtutu wake uliompasukia mtu mkononi. Mwenyewe hajisifii, wateja ndio husema. Wanamwita Tupa, kwa kuwa hata msibani huenda na tupa, chombo chake cha kusugulia chuma, kwenye mfuko wa nyuma wa suruali.

Sifa hiyo ameipata kwa kamba. Gobore likikamilika, hulifunga kwenye kisiki nyuma ya karakana, hushindilia baruti mara mbili ya kipimo cha kawaida, kisha hujibanza nyuma ya jabali na kuvuta kifyatulio kwa kamba ndefu. Mtutu ukisalimika, huuosha, huupapasa wote kutafuta ufa, halafu hupiga fundo moja kwenye kamba ileile. Msimu mpya, kamba mpya.

Jumapili asubuhi, siku moja baada ya kukabidhi gobore la sita na la mwisho la msimu, aliitungua kamba msumarini. Mafundo yalikuwa matano.

Akahesabu tena. Akaipitisha kamba vidoleni, macho ameyafumba. Matano. Magobore yote sita yalikwisha kusambaa mlimani, kila moja na mwenyewe na kibali chake, kwenye mashamba ambako nguruwe mwitu walikuwa wakila mahindi. Moja halikujaribiwa, na hakujua ni lipi. Mvua ilikuwa imevuruga kazi mwezi mzima. Baruti ilianikwa, ikaanuliwa, ikaanikwa tena, na siku zote zilimchanganyikia kichwani.

Akaingia ndani, akatoka. Akashika nyundo, akaiweka.

"Umeingiwa na siafu?" mkewe akauliza. "Chai imepoa mara mbili."

Akamwonyesha kamba.

"Labda fundo limefunguka."

"Fundo langu?"

Mkewe akaitazama kamba, kisha akamtazama yeye. Utani ukamtoka usoni. Mdogo wake wa kiume alikuwa na gobore mojawapo.

"Anza kwake," akasema.

Tupa alichukua kamba, akapanda mteremko bila kupumzika. Kila aliposikia mlio wa mbali alisimama, akatega sikio kama kuna atakayepiga yowe. Alimkuta shemeji yake ukingoni mwa shamba, gobore mapajani, akilipangusa kwa kitambaa.

"Shemeji, mbona unahema hivyo? Dada kakufukuza?"

"Umeshalipiga?"

"Mara nne. Nguruwe wa mlima huu wananijua kwa jina."

"Baruti kipimo kimoja?"

"Kimoja, kama ulivyoniagiza."

"Leo tunatia viwili. Lete hapa."

Shemeji hakulitoa. "Mara nne limepiga vizuri, shemeji. Unatafuta nini tena?"

"Ufa hauanzi siku unayouona," Tupa akasema. "Lete."

Wakalifunga kwenye gogo. Tupa akapima baruti, akaimwaga kidogo, akapima upya. Wakajificha nyuma ya mwamba. Akavuta.

Gogo likaruka, moshi ukatanda juu ya mahindi. Tupa akalifikia gobore kabla moshi haujatawanyika. Akaupapasa mtutu ukiwa bado wa moto, toka mdomoni hadi kitakoni, akaurudia. Mzima.

Shemeji akacheka, akajifuta jasho shingoni. "Haya, sasa moyo umetulia. Funga fundo lako twende tukanywe maji."

Tupa hakufunga fundo. Aliikunja kamba, akaitia mfukoni pamoja na tupa.

"Hili huenda nililijaribu tangu mwanzo," akasema. "Yamebaki matano."

"Utayazungukia yote?"

"Wewe ukikutana na yeyote kati yao, mwambie asipige mpaka nifike."

Lililokuwa karibu zaidi lilikuwa ng'ambo ya bonde, kwa mwalimu mstaafu. Tupa alikwenda huko mchana uleule, kabla ya kurudi nyumbani.